Koti la Handibreki

Meza yake ya kazi bado ipo, upande wa dirishani, na hakuna aliyeihamia. Haijakatazwa. Kila fundi mpya akija tunamwonyesha nafasi, naye anaitazama ile meza, anaona alama za makopo ya vanishi zilizopandana juu yake kama pete, halafu anajichagulia sehemu nyingine. Labda anaona bado ina mwenyewe.

Mwenyewe tulimwita Handibreki. Tulifanya kazi mgongo kwa mgongo tangu tukiwa vijana wa kubeba mbao mpaka tukaanza kushika kiuno tukiinuka. Mimi wa randa na patasi, yeye wa kung'arisha. Nikimaliza kabati namkabidhi likiwa kavu na jeupe kama mkate wa juzi, naye analirudisha likiwa na uso. Hakupuliza rangi kwa mashine. Alitumia vanishi ya zamani, ile ya magamba yanayoyeyushwa kwenye spiriti. Anachovya kidonge cha pamba kilichofungwa kitambaa, kisha anazungusha mkono juu ya ubao, duara ndogo ndogo, asubuhi hadi jioni, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyegoma kulala. Huku mkono unazunguka, anaimba kwa pua. Wimbo wenyewe sikuujua, maana hakuwahi kuutia maneno.

Mimi si msemaji. Karakanani waliniita Kimya, na mwenye karakana, mzee mwenye sauti ya kukwaruza tuliyemwita Msasa, alikuwa na mchezo wa kuchora alama ya chaki ukutani kila nikifungua kinywa. Ukuta ulikaa safi sana. Handibreki alisema kwa niaba yetu wawili. Mteja akiniuliza kitanda chake kitakuwa tayari lini, jibu linatoka nyuma yangu: "Anasema Ijumaa, mama. Akikwambia Alhamisi anakudanganya." Hata nilipokwenda kuposa, aliyesema ni yeye. Mke wangu mpaka leo hunitania kwamba hana hakika aliolewa na nani.

Jina la Handibreki lilikuja hivi. Enzi hizo karakana ilikuwa na pikapu, na dereva alikuwa yeye. Jumamosi moja mchana alipeleka kabati kwa mteja aliyekuwa na furaha ya nyumba mpya. Yule bwana akamng'ang'ania, keti kidogo fundi, kabati zuri kama hili haliingii ndani kavukavu. Chupa ikafuata chupa. Handibreki akarudi anaendesha, macho yamekuwa mekundu, akaegesha juu ya mteremko, nje kwa kinyozi, akaingia kusalimia. Yeye ndani anasalimia, huku nje pikapu ikaanza kurudi nyuma polepole, bila kelele. Ikapita duka la masufuria. Ikampita fundi viatu, ambaye aliipungia mkono akidhani kuna mtu ndani. Ikaenda kusimama kwenye uzio wa kituo cha polisi. Uzio ukalala chini. Askari walipotoka wakakuta gari halina mtu, na nyuma yake mtu anakuja mbio, anapepesuka, anapiga kelele, "Haki ya Mungu nilivuta handibreki! Nilivuta!"

Mtaani wakasema gari limekwenda kujisalimisha lenyewe.

Hakimu hakucheka. Alimwambia kwamba muda mfupi kabla ya hapo, mama mmoja alikuwa amevuka mteremko ule na mtoto mgongoni. Handibreki aliniambia baadaye kuwa faini hakuisikia, wala habari ya kunyang'anywa leseni hakuisikia. Alimsikia yule mama tu. Tangu siku hiyo hakugusa chupa, na usukani pia hakuugusa. Muda wa kurudishiwa leseni ulipofika, hakwenda kuifuata. Msasa akaiuza pikapu, tukawa tunapeleka makabati kwa mkokoteni, yeye mbele anavuta, mimi nyuma nasukuma.

Na kila tukishuka mteremko ule, kinyozi lazima atoe kichwa dirishani.

"Handibreki! Umevuta?"

"Nimevuta, na ya akiba nimeweka!"

Watu wanacheka, tunapita. Mimi nilikuwa nyuma, kwa hiyo nilichokiona ni shingo yake. Shingo haikuwa inacheka.

Hata hivyo, nikiikumbuka miaka ile naona ilikuwa miaka mizuri. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa dirisha lake kwanza, linakamata vumbi la mbao hewani, halafu ndipo linafika kwangu. Redio ilikuwa imepoteza kitufe cha sauti, tunaifungua kwa koleo. Msasa alikuwa analala mchana kwenye kochi la mteja lililokuja kutengenezwa, na mteja akiingia ghafla tunamwambia mzee analijaribu kama limekaa sawa. Tulikuwa tunakunywa chai kwenye vikombe vya bati, na chai yote ilikuwa na ladha ya vanishi, nasi tulidhani ndiyo ladha ya chai.

Siku moja akaja mama mmoja mgeni, mtu wa makamo, mwenye karakana ya kutengeneza samani za kale huko ng'ambo. Alikuwa amefuatana na jamaa yake aliyefuata kitanda. Akapitisha kiganja juu ya kabati lililokuwa linakauka, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Hii nani kafanya?"

Nikanyoosha kidole nyuma yangu.

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono, mama," Handibreki akasema. "Mashine yetu ni huyu Kimya, lakini haina sauti."

Yule mama alisema kwao waliojua kazi ile wamekwisha, waliobaki ni wazee wasioona. Baada ya muda akatuma mkataba. Kazi ya kung'arisha, chumba cha kulala, na ruhusa ya kuleta familia baadaye. Sharti lake lilikuwa moja: awe amefika kabla msimu wa kazi haujaanza. Akichelewa, nafasi ataipata fundi mwingine aliyekwisha kuonekana.

Nilidhani atakataa. Alikuwa mtu wa palepale, mtu wa kuzungusha mkono dirishani. Jioni nilipokwenda kwake nikamkuta ameketi kibarazani na mkewe, na binti yao ndani amejifungia. Shuleni wenzake walikuwa wamemwita Handibreki Mdogo mbele ya mwalimu, na mwalimu naye akacheka.

"Shemeji, mwambie aende," mkewe akaniambia. Kisha akajicheka mwenyewe. "Nimemwambia nani tena! Basi kaa tu hapo, itoshe."

Handibreki alikuwa anachokonoa vanishi kwenye kucha.

"Kimya," akasema, "nataka nifike mahali ambapo mtu akitaka kuniita, itabidi aniulize kwanza jina langu nani."

Basi akaanza safari ya viza. Pasipoti aliipata bila taabu. Ubalozini aliitwa kwa mahojiano, akaenda asubuhi, na mchana akarudi moja kwa moja karakanani. Msasa akaamka kwenye kochi.

"Wamekugongea?"

"Bado, mzee. Afisa aliniuliza kama nimewahi kushitakiwa. Nikasema ndiyo. Akauliza kosa gani. Nikamwambia kuendesha nikiwa nimelewa. Akasema nieleze ilivyokuwa."

"Ukamwambia gari lilijisalimisha?"

"Nilimwambia yote. Akacheka, halafu akaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba yuko kazini."

"Kisha?"

"Kisha akasema leo hagongi. Niende kwanza kwa daktari wao. Daktari ndiye atasema kama mimi ni mlevi, au ni mtu aliyelewa siku moja."

Msasa akakuna kidevu. "Mbona hesabu nyepesi hii. Wewe uligonga uzio wa serikali mara moja. Na wao wakugongee mara moja, mmalizane."

Tulicheka sote. Lakini yeye alirudi mezani, akachukua kidonge cha pamba, akakaa nacho mkononi bila kukichovya.

Siku ya daktari alipita karakanani kunichukua. Mkewe alikuwa zamu, anafua mashuka hospitalini, na yeye hakutaka kwenda peke yake. "Twende wewe," alikuwa ameniambia. "Wewe huwezi kuniharibia kwa kuropoka." Alikuwa amevaa koti lake la harusi, la kijivu, lililokuwa limembana mabegani. Viatu vimepigwa rangi. Akasogea mezani kwake kuangalia kazi aliyoiacha jana, kwa mazoea tu, akainama, na aliposimama koti lilikuwa na doa la vanishi kifuani, kubwa kama kiganja cha mtoto.

"Simama hapohapo!" Msasa akapiga kelele. "Unakwenda kwa daktari wa ubalozi na vanishi kifuani kama beji?"

Akachukua chupa ya spiriti na kitambaa cheupe. Nani asingefanya hivyo? Katika kazi yetu doa la vanishi halitoki kwa maji wala kwa sabuni, linatoka kwa spiriti. Mzee akafuta kifua taratibu, anapuliza, anafuta. Doa likaisha. Akaona ukosi una weusi, akaufuta. Akafuta mikono ya koti. Akafuta vifungo, kimoja kimoja, kama vile ni vitasa vya kabati la bwana harusi. Mwishowe akapiga magoti, mzee wa umri ule, akamfuta viatu.

"Sasa nenda," akasema. "Wakikukataa leo, hawana macho."

Tulimzunguka tukamsifia. Hakuna hata mmoja wetu aliyesikia harufu. Pua zetu zilikuwa zimekufa zamani, kama muuza samaki asivyojua kuwa ananuka tangu kona ya mtaa.

Kwa daktari kulikuwa na chumba cha kusubiri chenye viti vya plastiki na feni inayozunguka kwa kusitasita. Tuliketi. Dada aliyekuwa karibu yetu akahama kiti. Sikutilia maanani. Kisha mwingine akahama. Akabaki mzee mmoja mwembamba, mwenye bahasha magotini, naye akamsogelea Handibreki, akamkonyeza.

"Umefanya la maana, ndugu yangu. Hata mimi nilitaka kupiga kidogo, ya kutoa woga. Mama watoto akanizuia."

"Kidogo ya nini, mzee?"

"Si hiyo uliyopiga."

Handibreki akanitazama. Akainua mkono wa koti puani, akavuta hewa. Akaniletea mimi. Nikavuta. Hakuna kitu. Harufu ya kawaida tu, harufu ya kazini, ya chai, ya nyumbani kwangu. Tukaangaliana, na hapo ndipo ikatuingia sote wawili kwa pamoja.

Alianza kuvua koti, mkono ukakwama kwenye bega lililobana, na mlango ukafunguliwa. Nesi akaita jina lake, lile la kwenye pasipoti. Tulipomkaribia akarudi nyuma hatua.

"Mungu wangu," akasema.

Handibreki alinikamata kiwiko akaniingiza naye ndani. Sidhani kama alijua anafanya hivyo. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Aliivaa akamtazama kwa muda.

"Bwana, unajua umeletwa hapa kwa sababu gani?"

"Najua, daktari."

"Na ukaona ni vyema uje hivi?"

Yule mtu aliyekuwa akisema kwa ajili yangu na kwa ajili yake, aliyejibu wateja, wakwe na kinyozi, alifungua kinywa hakikutoka kitu. Koti lilikuwa limening'inia bega moja. Nikaiona shingo yake. Ilikuwa shingo ileile ya kwenye mkokoteni.

"Daktari," nikasema, "ninuse na mimi."

Akageuka. "Wewe nani?"

"Mimi ni wa randa. Yeye wa vanishi. Tunatengeneza makabati. Hiyo ni spiriti ya kazi, daktari. Koti lilipata doa asubuhi hii, mzee wetu akalifuta. Akalifuta lote, na viatu. Sisi hatuisikii. Angejua, angekuja kifua wazi. Mtu huyu hajaonja tangu siku ile, na mimi niko nyuma yake kila siku." Nikanyoosha mikono yote miwili, kucha zimeiva kahawia. "Ninuse. Mimi hata soda hunipa kizunguzungu."

Nesi akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Daktari akasogea kweli, akainusa mikono yangu, akakunja uso.

"Huyu naye ananuka pipa zima," akasema. Akarudi kwenye kiti chake. "Nimesikia. Lakini kazi yangu kupima. Koti litoke nje. Mikono ioshwe mpaka kwenye viwiko. Damu itolewe, halafu tutazungumza mimi na yeye peke yetu. Damu haivai koti."

Nikatoka nalo. Nilikaa barazani nimelitandaza magotini ili lipigwe na upepo, na wapita njia walikuwa wananiangalia kwa huruma, mtu mzima amelewa asubuhi yote hiyo. Walikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, shati limelowa mikono yote miwili, pamba imebandikwa kwenye mkono.

"Vipi?" nikauliza.

"Ameuliza mpaka baba yangu alikuwa anakunywa nini. Majibu atapeleka ubalozini mwenyewe." Tukatembea kidogo. "Kimya."

"Naam."

"Maneno yote yale ulikuwa unayaweka wapi?"

Yalikuwa yamekwisha.

Tulipomweleza Msasa, aliketi juu ya gogo badala ya kochi. "Nimemlewesha mtu ambaye hajanywa," akasema. Chupa ya spiriti akaitoa nje, akaifungia kwenye kibanda cha mbao mbovu, ikawa kila Handibreki akiihitaji anakwenda huko kama mtu anayeenda msalani. Mke wa Handibreki alinishika mimi.

"Shemeji, wakati mzee anamfuta koti wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Na pua yako je, nayo ilikuwepo?"

Tukasubiri. Msimu wa yule mama wa ng'ambo ulikuwa unakaribia, akatuma ujumbe kuuliza kama bado anakuja. Handibreki akajibu bado anasubiri. Akatuma tena. Akamjibu vilevile. Kidonge cha pamba kilikuwa kinazunguka juu ya ubao, lakini wimbo wa pua ulikuwa umekatika. Sikuwa najua ni kiasi gani niliuzoea mpaka nilipojikuta napiga randa kombokombo kwa kukosa mapigo yake.

Kisha ubalozini wakamwita akachukue pasipoti. Hawakusema ina nini ndani. Nilimsubiri ng'ambo ya barabara, chini ya bango la duka la vitanda vya chuma, na alipotoka getini alikuwa ameitia mfukoni mwa shati, ameibana kwa kiganja kama mtu mwenye kichomi.

"Fungua wewe," akasema.

Nikafungua. Kurasa zote tupu, tupu, halafu ukurasa mmoja umejaa: viza, na picha yake amekodoa macho kama aliyeitwa na askari. Nikamwonyesha. Akaitazama, akagusa ukingo wake kwa kidole cha shahada, duara ndogo, kama anavyojaribu vanishi kama imekauka.

Tulirudi kwa miguu. Tukashika mteremko wetu, safari hii hatuna mkokoteni, tunakwenda bega kwa bega. Kinyozi akatoa kichwa.

"Handibreki! Umevuta?"

"Leo nimeachia!" akajibu kwa sauti ya mtaa mzima.

Nikamgeukia. Uso wote ulikuwa unacheka, na shingo pia.

Aliondoka upesi, maana siku zilikuwa zimebaki chache. Koti aliliacha kwenye msumari karibu na dirisha. Alisema hathubutu kulivaa mbele ya mtu yeyote mwenye muhuri. Mkewe na binti yake walimfuata baadaye, nyumba yao ikachukuliwa na watu wengine wenye mapazia ya kijani. Kazi imepungua. Makabati mengi siku hizi yanakuja yamekwisha kung'aa, kwenye maboksi, na wateja wetu ni wale wa kurekebishiwa mguu wa kiti. Redio imekufa kabisa. Msasa bado yupo, analala mapema zaidi.

Juzi Handibreki alipiga simu wakati wa chai. Kwa kawaida yeye husema, mimi husikiliza. Alinieleza kwamba karakanani kule wanavaa barakoa usoni, harufu haiingii, na chai yao haina ladha. Binti yake anafanya vizuri shuleni. Kisha akanyamaza, jambo ambalo si lake.

"Wanakuitaje huko?" nikauliza, kwa sababu mtu lazima aseme kitu.

"Jina langu. Kila mtu, kila siku. Hawajui jingine." Akavuta pumzi. "Kimya, hebu niite."

"Nikuite jina lako?"

"Si hilo. Lile la mteremkoni. Niite kama kinyozi."

Nilitazama huku na huku. Mafundi walikuwa wameinamia vikombe vyao, jua limeshatoka kwenye meza ya dirishani, limefika kwangu. Nikasimama, nikaweka kiganja mdomoni kama mtu anayeita toka dirishani.

"Handibreki! Umevuta?"

Vikombe vikasimama hewani. Kwenye simu nikasikia pumzi, halafu kicheko cha zamani, cha tumboni, kikifuatwa na sauti iliyoenda juu kama vile mbele yake kuna mtaa wa kuisikia.

"Nimevuta! Na ya akiba nimeweka!"

Kwenye kochi la mteja, Msasa aliinua kichwa. "Nani huyo kapiga kelele?" akauliza, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaanza kupapasa mifuko akitafuta chaki.